Maiti Sebuleni, Biblia Mezani: Riwaya za Upelelezi kwa Msomaji Asiyetaka Uchafu

Mtu anayeruka ukurasa kwa sababu ya busu refu anasomaje habari za watu kuuana, kitabu baada ya kitabu? Swali hilo humfikia kila mpenzi wa hadithi za Kikristo anapoonekana na riwaya ya upelelezi mkononi, iwe ndani ya matatu ya Nakuru kwenda Kisumu au kwenye benchi la kanisa akingoja mazoezi ya kwaya. Ni swali la haki. Kinacholitatiza jibu ni kwamba majalada ya vitabu hivi hufunga mambo matatu katika kifurushi kimoja, na msomaji asiyekifungua huishia kulipia kitabu ambacho hakukitaka.

Aina inayozungumziwa hapa ni ile ambayo wachapishaji wa Marekani na Uingereza huiandika "cozy" juu ya jalada. Alama zake hazifichiki. Kachero wake si polisi: ni mwoka mikate, mkutubi, mwalimu mstaafu, mke wa mchungaji. Mahali ni padogo, pa watu wanaojuana hadi majina ya mbwa wao. Kifo hutokea tukiwa tumegeuza uso. Tunaukuta mwili, hatukioni kisu kikiingia. Marehemu mara nyingi ni mtu ambaye nusu ya mji ilikuwa na sababu ya kumchukia, kwa hivyo washukiwa hawakosi kuwa wanne au zaidi, na machozi hayachukui kurasa nyingi. Mwishoni mwuaji hujulikana, sababu yake hutolewa mbele ya watu, na mji ukarudi kwenye chai yake. Kitabu chenyewe huwa na kurasa 200 hadi 300.

Sasa tukifungue kile kifurushi.

Neno "cozy" linakueleza damu inavyoshughulikiwa, basi. Neno "clean" linahusu kitanda na ulimi: hakuna ngono iliyosimuliwa, hakuna matusi. "Christian" au "inspirational" maana yake ni kwamba imani ina kazi ndani ya hadithi. Kitabu kinaweza kubeba moja kikakosa mengine mawili. Kuna riwaya tulivu kabisa kuhusu damu, lakini kachero wake anaishi na mpenzi asiye mume na kutukana kila anapojigonga. Kuna safi za ulimi na kitanda zisizomtaja Mungu hata kwenye mazishi. Na ziko za Kikristo zenyewe, safi na zenye sala, ambazo si tulivu hata kidogo: utekaji, bunduki, gari likifukuzwa usiku na mwanamke akijificha msituni. Hizo jalada lake huandikwa "romantic suspense", na mfululizo wa Love Inspired Suspense wa Harlequin ni mfano unaopatikana sana. Anayesoma ili alale mapema asizichukue.

Ni nani huamua alama hizo? Hapa ndipo wengi hupotea. Kwa miaka mingi, nchini Marekani, vitabu vya Kikristo viliuzwa zaidi kupitia maduka ya vitabu vya Kikristo. Mnunuzi wa duka alijua wateja wake watakirudisha kitabu chenye tusi, hivyo akamkazia mchapishaji, naye mchapishaji akamkazia mwandishi. Ungeshika kitabu cha Bethany House, Revell, Tyndale au Barbour ukajua kwamba kimepita mikononi mwa watu kadhaa wenye kalamu nyekundu. Lango hilo limelegea. Maduka ya Family Christian yalifungwa 2017, na LifeWay ikatangaza 2019 kwamba inafunga maduka yake yote ya mitaani. Wakati huohuo, tangu Amazon ilipofungua mlango wa kujichapishia vitabu vya kidijitali vya Kindle mwaka 2007, mwandishi yeyote anaweza kujiandikia "clean" yeye mwenyewe. Wapo waaminifu wengi. Lakini alama iliyobandikwa na mwandishi ni ahadi ya mtu mmoja, na kipimo chake kiko kichwani mwake. Kwa hivyo jambo la kwanza la kutazama ni ukurasa wa haki miliki, ule wenye maandishi madogo nyuma ya ukurasa wa jina: kuna jina la mchapishaji wa Kikristo, au kuna jina la mwandishi tu?

Hata lango hilo la zamani lilikuwa la Wamarekani, likipima mambo yanayowauma Wamarekani. Msomaji wa magharibi mwa Kenya ana vizingiti vyake, tena si vimoja. Mwadventista kutoka Karachuonyo, karibu na Gendia ambako kanisa lake lilianzia kazi 1906, huenda akakwama kwenye kahawa na nyama ya nguruwe ambazo wahusika huzifakamia kila sura. Tena analo swali la awali zaidi, maana Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, aliandika mara nyingi kukemea usomaji wa riwaya, na kila mmoja hujipimia hilo kwa dhamiri yake. Mkatoliki wa Kisumu haoni shida kwenye glasi ya divai, wakati Mpentekoste wa Vihiga ataifunga sura hapo hapo. Muumini wa Quaker (Friends) wa Kaimosi, mrithi wa misheni ya 1902 na mafundisho ya amani, ana haki ya kukunja uso pale mwoka mikate anapomwangusha mwuaji kwa kikaango na wote wakacheka.

Lakini kizingiti kikubwa kuliko vyote ni uchawi. Kuna tawi zima la riwaya hizi linaloitwa "paranormal cozy": kachero ni mchawi mzuri wa moyo, paka wake anaongea, bibi aliyekufa anarudi kutoa ushauri. Majalada yake yamechorwa kwa rangi zilezile za keki na maua kama za wenzake, na kofia yenye ncha imejificha kwenye kona. Kwa msomaji wa Ohio hilo ni vazi la sherehe za Oktoba. Kwa msomaji anayejua jajuok, yaani mchawi kwa Kiluo, ni nani, au aliyekulia Kisii ambako wazee wamewahi kuuawa na umati kwa tuhuma za uchawi, kofia ile si pambo. Vitabu hivi vingi ni safi kwa kipimo cha kitanda na ulimi, na huuzwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma maelezo ya nyuma ukitafuta maneno haya: "witch", "magic", "psychic", "ghost", "spell", "familiar". Moja tu likitokea, umeshajua.

Kuna uchafu mwingine ambao alama ya "clean" haiushiki kamwe, nao ni dharau ya rangi. Vitabu vya zamani vya Uingereza vimejaa maneno juu ya Waafrika na Waasia ambayo leo hayasomeki kanisani. Riwaya moja ya Agatha Christie ya 1939 ilitoka na tusi la kibaguzi kwenye jina lenyewe, likaja kubadilishwa. Mwandishi huyo hana ngono wala matusi ya kitanda, lakini msomaji mweusi atakutana na mambo. Afadhali kujua mapema.

Kwa nini makasisi walizipenda

Turudi kwenye lile swali la mauaji. Historia ya aina hii imejaa watu wa kanisa kuliko wanavyodhani wanaoiona kama mzaha wa shetani. G. K. Chesterton alianza kuchapisha visa vya Padri Brown, padri kachero, mwaka 1910, miaka 12 kabla yeye mwenyewe hajapokelewa katika Kanisa Katoliki. Ronald Knox, aliyeandika mwaka 1929 amri kumi za riwaya ya upelelezi, alikuwa padri, na baadaye akaitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza. Dorothy L. Sayers alikuwa binti wa kasisi wa Kianglikana na akaandika michezo ya redio juu ya maisha ya Kristo. Riwaya ya kwanza ya Miss Marple, bibi kachero wa Agatha Christie, ya 1930, inasimuliwa na kasisi ambaye maiti imekutwa katika chumba chake cha kusomea. Muumini wa Kianglikana (ACK) kutoka Maseno akiisoma atakuta fanicha anayoifahamu: vikari, msaidizi wake, akina mama wa kanisa na siasa zao za maua ya madhabahuni.

Lililowavuta watu hao si damu. Katika riwaya hizi uovu una jina na mtu, hauwezi kufukiwa, na kuna ukweli mmoja unaopatikana kwa akili ambayo Mungu amempa kila mtu. Katika kisa cha kwanza cha Padri Brown, mwizi mkubwa amejivika kanzu ya padri na anatembea na padri wa kweli wakizungumza theolojia. (Asiyetaka kufichuliwa kisa hiki aruke sentensi mbili.) Padri anamtambua kwa sababu yule mwizi, akitaka kuonekana mcha Mungu, anaidharau akili ya binadamu. Padri wa kweli, asema Brown, hawezi kufanya hivyo. Baadaye mwizi huyo anatubu na kuwa kachero mwenyewe, jambo ambalo riwaya nyingi za leo zenye msalaba kwenye jalada hazithubutu kumpa mhalifu wao.

Knox alikataza kabisa nguvu zisizo za kawaida kutumika kutegua fumbo, na akakataza bahati na hisia zisizoelezeka. Klabu ya waandishi wa upelelezi iliyoanzishwa London 1930, Chesterton akiwa rais wake wa kwanza, iliwaapisha wanachama kwamba makachero wao hawatategemea ufunuo wa Mungu. Padri mmoja na mwandishi wa michezo ya Injili walikuwa miongoni mwa watu hao. Hawakuwa wanamkana Mungu; walikuwa wanamlinda msomaji asidanganywe.

Walikuwa na mfano wa kale. Wenye Biblia ya Kikatoliki wafungue Danieli sura ya 13 na 14, ambazo Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina. Danieli huyu ndiye mfasiri wa ndoto za wafalme, lakini katika kesi ya Susana, mwanamke aliyesingiziwa uzinzi na wazee wawili, hangoji ndoto. Anawatenganisha wale wazee wawili na kumwuliza kila mmoja peke yake: mlimwona na mwanamume chini ya mti gani? Kila mmoja anataja mti wake. Katika sura inayofuata anamwaga majivu sakafuni mwa hekalu la Beli, na asubuhi nyayo za makuhani, wake zao na watoto wao zinaonyesha nani hula chakula cha sanamu. Kutenganisha mashahidi na kulinda eneo la tukio: askari wa upelelezi wa leo angeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Hapa ndipo riwaya nyingi za Kikristo za sasa huanguka. Kachero amekwama sura ya 18. Anapiga magoti. Anainuka, na ghafla "amani inamjaa moyoni" pamoja na jina la mwuaji. Mwandishi anadhani amemtukuza Mungu, kumbe amemnyang'anya msomaji kazi yake, na kumfanya Mungu kuwa njia ya mkato ya mwandishi mvivu. Sala inaweza kumpa mhusika ujasiri wa kwenda kuuliza swali gumu, uvumilivu wa kulisoma upya daftari la mapato, au unyenyekevu wa kukubali kwamba alimshuku mtu asiye na hatia. Hayo yote yanakubalika na yanagusa. Jina la mwuaji litoke kwenye ushahidi.

Dokezo linavyofichwa

Asiyejua dokezo hufichwa vipi husoma riwaya hizi kwa kasi ya gazeti, akifika mwisho anasema mwandishi kabahatisha. Chukua mfano huu uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Pesa za harambee zimeibwa kwenye ofisi ya kanisa moja Kondele, usiku wa Ijumaa. Ukurasa wa 31 unasema:

"Saa moja na nusu Mama Akinyi alileta uji na mandazi, watoto wa Shule ya Jumapili wakamwaga nusu ya birika kwenye mkeka, mvua ikaanza kupiga mabati, stima ikapotea, na Mzee Wafula akatoka kwenda kufunga mbuzi wake huku akimlaumu kila mtu kwa ule mkeka."

Ukurasa wa 74, Odhiambo mpiga kinanda cha umeme anamwambia kachero: "Mimi sikutoka kanisani. Nilikuwa nafanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili mpaka saa tatu."

Stima imetajwa, tena waziwazi. Lakini imekaa ya nne katika orodha ya mambo matano, kwa maneno mawili, kisha sentensi ikaishia kwenye ugomvi, na jicho hukumbuka ugomvi. Kwa Mkenya, kupotea kwa stima wakati wa mvua hata si habari, kwa hivyo linateleza zaidi. Kurasa 42 katikati zimejaa mambo ya Mzee Wafula na deni lake, ambalo ni chambo tu.

Sasa msomaji mkali atasimama: kinanda kidogo si kinatumia betri? Kweli, vingi hutumia betri sita. Na jenereta ya kanisa je? Mwandishi mzembe hajafikiria hilo, na fumbo lake linavuja. Mwandishi makini amefunga milango yote miwili mapema: ukurasa wa 12 watoto walitoa betri za kinanda kuweka kwenye tochi ya kesha, na ukurasa wa 20 kamati ilibishana juu ya jenereta iliyo kwa fundi tangu Pasaka. Ile mizaha miwili midogo ya mwanzo, iliyoonekana ya kuchekesha tu, ndiyo nguzo. Tena lazima aseme stima ilirudi lini, la sivyo Odhiambo atadai ilirudi saa mbili. Mstari mmoja juu ya friji ya kibanda cha jirani iliyoanza kunguruma alfajiri unatosha.

Kutokana na hapo msomaji anajua afanye nini. Chukua karatasi, igawe safu nne: jina, alisema alikuwa wapi na saa ngapi, anafaidika nini, ukurasa. Safu ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ndiyo yenye thamani. Jaza kila mshukiwa anapoongea, kwa maneno yake, usiongeze tafsiri yako. Kila unapokutana na orodha ndefu katika sentensi moja, isome mara mbili. Kitu kilichochekesha bila kuendeleza hadithi, kipige alama. Na mtu wa kwanza kukamatwa na polisi mwondoe kwenye hesabu zako kwa muda: katika aina hii karibu kila mara hana hatia, na mji mzima umeshamhukumu. Hilo la mwisho, kwa maoni yetu, ndilo fundisho zito kuliko mistari ya Biblia iliyopachikwa mwanzoni mwa sura. Umati huanza na jibu. Riwaya hizi hutumia kurasa 250 kuuonyesha ulivyokosea.

Kuna dhambi moja ya aina hii ambayo hakuna lebo inayoitaja. Kachero hudanganya ili aingie nyumba ya watu, hupekua droo, hufungua barua, humficha polisi ushahidi, na kueneza tuhuma sokoni ili aone nani atashtuka. Msomaji anayekerwa na neno moja la matusi lakini asiyeona shida na ushuhuda wa uongo dhidi ya jirani amepanga dhambi zake kwa mpangilio wa ajabu. Waandishi wazuri wa Kikristo hulipia jambo hili ndani ya hadithi: umbea wa kachero unamwumiza mtu asiye na kosa, naye analazimika kwenda kuomba msamaha. Ukikuta sura kama hiyo, umepata mwandishi wa kufuatilia.

Kuvipata na kuvikagua

Vibanda vya vitabu vya mitumba, Kisumu na Nakuru, huwa navyo vingi kuliko maduka mapya, maana hufika pamoja na shehena za ng'ambo. Kwa riwaya ya upelelezi ukaguzi wake ni wa pekee. Anza nyuma: vitabu vidogo vya karatasi nyepesi vimeshikwa kwa gundi tu, gundi hukauka, na kurasa zinazoanguka kwanza mara nyingi ni za mwanzo na za mwisho. Hakikisha namba za kurasa 20 za mwisho zinafuatana, lakini tazama namba, usisome maneno. Pitisha macho pembeni mwa kurasa pia. Wako wasomaji wakorofi wanaoandika jina la mwuaji kwa kalamu ukurasa wa tatu. Kisha angalia orodha ya vitabu vya mfululizo huo mwanzoni. Kitabu cha 5 kinaweza kusomeka bila cha 1, ila mapenzi ya polepole kati ya kachero na askari wa mji yatakuwa yameshafichuka, na wakati mwingine hata mwuaji wa kitabu cha 2.

Maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zinafaa kuanzia kwa anayetaka kuonja kabla ya kununua. Za Kiswahili za namna hii si nyingi. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ni wa Unguja na mazingira yake ni ya Kiislamu, lakini anamfaa msomaji wetu kuliko riwaya nyingi zenye alama ya "clean": mwili unakutwa mzimuni, watu wanasema ni kazi ya mizimu, naye anamtafuta binadamu aliyeua. Wasimchanganye na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Huyo ni jasusi wa risasi na wanawake, ni habari nyingine kabisa.

Kwa simu, Kindle hutoa sampuli ya bure, kwa kawaida asilimia 10 hivi ya kitabu. Kwa kitabu cha kurasa 250 hizo ni 25, na kufikia hapo maiti huwa imepatikana au iko njiani. Tazama mambo matatu kwenye sampuli: mwili umeelezwa kwa mistari mingapi, wahusika hulaani vipi wakishtuka, na kanisa likitajwa ni mahali pa watu kusali au ni jengo la picha tu. Halafu soma maoni ya wasomaji, ukianzia ya nyota 2 na 3. Anayelalamika kwamba "kuna mahubiri mengi" amekupa habari nzuri ikiwa mahubiri ndiyo unayoyatafuta. Malipo hupita kwa kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa, iliyoanza 2022, kwa hivyo huhitaji akaunti ya benki.

Kuhusu mafaili ya riwaya yanayozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, ni ajabu kuomba kitabu safi kisha kukipata kwa wizi. Haina haja pia. Visa vya Padri Brown ni bure kihalali: Chesterton alifariki 1936, na sheria ya Kenya hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Mkusanyiko wa kwanza, wa 1911, una visa 12, unapatikana Project Gutenberg, maktaba ya bure mtandaoni, na hauli bando la maana. LibriVox wanavyo vimesomwa kwa sauti, vizuri kwa anayepika au anayesafiri. Ile tahadhari ya maneno ya kibaguzi inahusu baadhi ya visa hivi pia.

Kwa kundi la kanisa, anzeni na visa hivyo vifupi, kwa kuwa kila mtu ana nakala kwenye simu na kisa kimoja husomwa kwa kikao kimoja. Riwaya nzima kwa watu wanane wenye nakala tatu huvunjika wiki ya pili. Mkishazoea, kitabu cha kurasa 240 kigawanyeni vikao vinne: hadi 60, hadi 120, hadi 205, kisha mwisho. Msikutane kuanzia Ijumaa jua likizama ikiwa kundini mna Waadventista. Kikao cha tatu kila mmoja aandike kwenye karatasi jina la anayemshuku, sababu, na ukurasa wa dokezo. Jina lisilo na ukurasa halihesabiwi, hata likiwa sahihi. Aliyemaliza kitabu kabla ya wenzake, naye hakosekani, apewe kazi ya kukusanya karatasi na asiruhusiwe kutabasamu. Zifunguliwe kikao cha nne baada ya mwisho kusomwa. Na ikiwa hata mnapojua mwuaji hakuna kati yenu anayeweza kurudi nyuma na kuonyesha ukurasa uliomtaja, aliyeshindwa ni mwandishi. Kirudisheni kwa muuza mitumba mbadilishane na kingine.